Binti unayeutaka ubalozi wa utamaduni, anza kwa kupiga hodi

Mabinti wanaosoma sanaa hapa Bagamoyo huniuliza sana: mwanamke anafikaje kuongoza shirika la utamaduni la kimataifa? Wengi wanadhani ni kipaji, au mapenzi ya mila. Mapenzi ya mila ni lazima, sibishi. Lakini kwa miaka niliyofanya kazi ya utamaduni mjini hapa, naamini sehemu kubwa ya kazi ile hufanyika kabla ya kikao, mlangoni kwa mtu mmoja mmoja.

Mtazameni Irina Bokova wa Bulgaria. Alikulia kikazi wizara ya mambo ya nje ya nchi yake, akawa balozi Ufaransa na mwakilishi wa nchi yake UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni. Mwaka 2009 aligombea kuiongoza UNESCO, na kura zikapigwa mpaka duru ya tano. Alipata 31 kati ya 58, akawa mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo tangu shirika lianzishwe mwaka 1945. Hotuba peke yake haimpi mtu ushindi mwembamba namna ile. Lazima uwajue wajumbe, ujue kila nchi inataka nini na inaogopa nini.

Hilo nalielewa kwa sababu ya jukwaa. Tulikuwa tunaandaa onyesho la ngoma, tukasikia kuna mzee mtaani hataki. Nikaenda kwake baada ya alasiri. Shikamoo, marahaba, nikakaa barazani, kahawa ikaletwa. Habari ya jukwaa sikuigusa. Tukazungumza bei ya samaki na wajukuu, mpaka mwenyewe akasema, "Haya mwanangu, lililokuleta?" Kumbe ngoma hana neno nazo. Kilichomuudhi ni spika kuelekezwa msikitini wakati wa isha. Siku ya kikao spika zilikuwa zimeshageuzwa upande wa baharini na ratiba imeacha nafasi ya swala, na mzee ndiye aliyetutetea. Wanadiplomasia wa Paris, yaliko makao makuu ya UNESCO, wanakunywa kahawa nyingine, lakini kazi ni hiyohiyo.

La pili ni fedha, na hapa nasema kwa msisitizo kwa sababu wasanii tunapenda kulikwepa. Mwaka 2011 UNESCO iliipokea Palestina kuwa mwanachama, na Marekani ikaacha kulipa ada yake, kiasi cha asilimia 22 ya bajeti. Bokova akalazimika kubana matumizi na kuzunguka kutafuta wafadhili. Na ni katika uongozi wake huohuo ndipo makaburi ya mawalii wa Timbuktu, yaliyobomolewa mwaka 2012, yalipojengwa upya na mafundi wa hukohuko Mali. Aliyewahi kusimama kati ya makaburi ya nguzo pale Kaole, kwenye magofu ya kale jirani na mji wetu, hahitaji kuelezwa uzito wa jambo lile. Kwa hiyo binti, jifunze kusoma bajeti mstari kwa mstari. Anayejua fedha imekwama wapi husikilizwa hata akiwa mdogo kuliko wote mezani.

Lugha nayo. Louise Mushikiwabo wa Rwanda alisomea ukalimani, akawa waziri wa mambo ya nje kwa miaka tisa, na tangu 2019 anaongoza jumuiya ya nchi zinazozungumza Kifaransa. Kiswahili chetu kina siku yake, 7 Julai, iliyopitishwa na UNESCO mwaka 2021, lakini ukiingia mle utakutana na Kifaransa kila kona. Kianze sasa.

Ukitaka kusoma rasmi, Chuo cha Diplomasia kipo Kurasini, Dar es Salaam, si mbali na kwetu. Huku ukisubiri, jitolee kuwa katibu wa kikundi chako cha ngoma. Andika muhtasari wa kila kikao: nani alisema nini, nani alipinga na kwa nini, tumekubaliana nini, nani atatekeleza. Kisha umpelekee kila mjumbe ausome kabla ya kikao kijacho, na aliyepinga umpelekee wewe mwenyewe, kwa mkono wako.