Programu "imejaribiwa" au "imepitia majaribu"? Swali kutoka Dodoma

Msomaji mmoja anayesoma mambo ya kompyuta pale UDOM ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Naandaa maelezo ya Kiswahili kwa wanafunzi wa kidato cha sita kuhusu programu ya triga kwenye majaribio ya chembe kule CERN, na nimekwama hapa: Kabla ya jaribio kuanza wataalamu walijaribu kuandaa programu ya triga, wakaipitisha kwenye majaribu mengi ili kupima kama iko sawa. Mwenzangu anasema niandike tu walitesti. Nani yuko sahihi? Alafu triga inachagua matukio au inachuja?"

Marahaba mwanangu. Swali zuri sana hili na nimefurahi kuona kuna mtu anahangaika kuiandika fizikia ya namna hii kwa lugha yetu. Kwa wasomaji wengine, CERN ni maabara kubwa ya fizikia ya chembe, na triga ni mfumo unaoamua papo hapo matukio gani, yaani migongano gani ya chembe, yahifadhiwe na yapi yatupwe.

Tuanze na "walijaribu kuandaa". Mtanzania akisikia hivyo anasubiri "lakini". Nikikwambia jana nilijaribu kukupigia, unajua hapohapo kwamba sikukupata, kwa hiyo wanafunzi wako watadhani hao wataalamu walishindwa, wakati programu waliiandaa na inafanya kazi kila siku. Andika "waliandaa", basi.

"Majaribu" nayo itoe kabisa. Majaribu ni ya binadamu, msiba, ugonjwa, kuyumba kwa imani, mtu anapitia majaribu na watu wanamwombea. Programu inafanyiwa majaribio. Mwisho wa neno tu umebadilika, -u ikawa -io, ila maana imehama kabisa, na kosa hili naliona mpaka kwenye ripoti za watu wakubwa.

Sasa kazi iko kwenye "jaribio" lenyewe, maana hapa lugha yenyewe inatubana. Shuleni jaribio ni lile la maabara, na CMS au ATLAS, ile mitambo mikubwa ya kunasa chembe pale CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, nalo tunaliita jaribio hivyohivyo, ila ukikagua programu kabla ya kuitumia hilo nalo ni jaribio. Ukiandika "majaribio ya programu ya jaribio" msomaji anapotea. Ushauri wangu: jaribio libaki la ule mtambo mkubwa na utafiti wake, na kwenye programu taja kitendo chenyewe kilichofanyika, kwa sababu kule hawafanyi kitu kimoja.

Angalia kazi ilivyo. Kwenye LHC, mashine ya CERN ya kuzungusha na kugonganisha protoni, mafungu ya protoni yanapishana karibu mara milioni 40 kwa sekunde na hakuna diski ya kuhifadhi yote hayo, kwa hiyo CMS ina hatua mbili, ya kwanza ni saketi za elektroniki zinazoamua ndani ya maikrosekunde 4 hivi na kuruhusu matukio kama 100,000 kwa sekunde, ya pili ni programu kwenye kompyuta nyingi inayoyapunguza hayo mpaka yabaki elfu chache tu. LHCb, jaribio jingine la hapohapo, wao kuanzia 2022 wameondoa kabisa hatua ya saketi, uamuzi wote unafanywa na programu. Tukio likishatupwa halirudi, hakuna nakala yake popote, ndo maana programu hii inakaguliwa kwa uchungu mkubwa kabla ya mihimili ya protoni kuwashwa.

Na inakaguliwaje? Wanaipitishia data za zamani zilizokwisha rekodiwa, na data za kuigiza zilizotengenezwa na kompyuta. Wanahesabu matukio mangapi yanapita kwa sekunde, maana yakizidi mfumo unaelemewa. Wanapima muda inaotumia kwa kila tukio. Wanalinganisha majibu ya toleo jipya na la zamani, tukio kwa tukio. Wanaiendesha kwa miale ya kosmiki inayotoka angani kabla protoni hazijaanza kuzunguka. Ona vitenzi hivyo, kupitisha, kuhesabu, kupima, kulinganisha, kuendesha, vyote vya kawaida na kila kimoja kinamwambia mwanafunzi kitu ambacho "kutesti" haikisemi.

"Kupima" uitumie kwa uangalifu, kwenye fizikia pima linataka kipimo, namba na yuniti. Mfano, kuna kanuni maarufu ya CMS inayodai muoni (chembe kama elektroni ila nzito zaidi) moja iliyo peke yake yenye momenta mtambuko, yaani ya kwenda pembeni mwa mhimili, ya kuanzia GeV 24 (GeV ni yuniti wanayotumia kwa chembe), hicho tunakiita kizingiti, neno letu safi kabisa. Ila kizingiti hiki hakikati kama kisu, kwa sababu muoni ya GeV 25 programu inaweza kuisoma 23 ikaitupa. Kwa hiyo wanachukua matukio ambapo chembe nzito iitwayo Z imevunjika ikatoa muoni mbili, moja imeshapita triga, alafu wanauliza je na ya pili ingepita? Hapo ndo unasema "walipima ufanisi wa triga", jibu linakuja kwa asilimia. Kama unachotaka kujua ni iko sawa au haiko sawa tu, sema "kuhakiki".

Mwenzako wa "walitesti" hajakosea, mafundi wote wanasema hivyo na mimi nasema. Akitaka kuiandika basi aweke kiambishi cha mtendwa, "waliitesti programu", na "kujaribu" hivyohivyo, "waliijaribu", hako ka-i- kanaonyesha kwamba kilichojaribiwa ni programu na hatungoji "lakini".

Kuchagua au kuchuja? Kuchuja. Nyie wa Dodoma neno mchujo mnalijua vizuri, vikao vingi vya kuchuja majina ya wagombea vinakaa hapohapo mjini, na uzuri wa neno hili ni kwamba lina hatua ndani yake: mchujo wa kwanza ni saketi, mchujo wa pili ni programu. Ila ongeza sentensi kwamba tukio lililoachwa halina rufaa.

Mimi ningeandika: "Kabla ya mihimili kuwashwa, wataalamu waliandaa programu ya triga, wakaipitishia data za zamani na za kuigiza, wakahakiki kwamba inachuja matukio inavyotakiwa, wakapima ufanisi na kasi yake." Ni ndefu kuliko yako lakini hakuna neno lililokaa bure.

Na jambo la mwisho, triga iweke ngeli ya i-zi, triga hii, triga hizi, usiseme matriga. Data vilevile, data hizi zimepita. Ukimaliza rasimu nitumie niisome.