Kijiko kwa Kijiko? La, Wanangu

Juzi, jikoni kwangu hapa Mombasa, mwanafunzi mpya aliishiwa na erithritoli, unga mtamu tunaoutumia badala ya sukari, akiwa katikati ya kupiga mayai, akafungua kopo la stevia halisi, mbadala mwingine wa sukari, na kuanza kupima gramu zilezile zilizopungua. Nilimdaka mkono kwa wakati, kwa kuwa stevia hiyo ina utamu mara 200 hadi 300 ya sukari. Hakuna kosa lake ambalo mimi sikulitangulia, kwa hiyo nayaandika haya kwa mapenzi na kwa kuchoka kidogo pia, maana unga wa lozi hauokotwi ufukweni.

1. Tumieni mizani, si kikombe. Utamu wa erithritoli ni kama asilimia 70 ya ule wa sukari, na ikipoa hurudi kuwa chembe, hivyo isageni kwanza. Mteja wangu mmoja aliwahi kuniuliza kama biskuti nilizotia isiyosagwa nilizianika kwenye mchanga wa ufukweni Nyali.

2. Stevia huleta utamu bila ujazo. Katika mkate wa mayai, sukari husaidia povu lisimame na huhifadhi unyevu, kwa hiyo ukiondoa gramu 150 ukatia chembe mbili za stevia, umebaki na kiwanda cha mayai chenye iliki.

3. Someni nyuma ya pakiti. Hapa naomba mnivumilie. Mkesha wa Idi mmoja nilikuwa na oda ya mkate wa mayai wa bibi mwenye kisukari, na erithritoli ilikuwa imekwisha. Dukani nikapata unga mweupe ulioandikwa mbele kwa herufi kubwa kwamba hauna sukari, nami nikautia gramu kwa gramu. Mkate ulitoka laini, bila ule ubaridi wa erithritoli mdomoni, hata nikajiona fundi. Usiku wa Idi binti yake akanipigia simu kwamba kipimo cha mama kimepanda na tumbo linamwendesha, na kwamba mchana kutwa hakula kitu kitamu isipokuwa vipande vitatu vya mkate wangu. Nami, Mungu anisamehe, nilimjibu kwa ukali kwamba bila shaka bibi alidokoa tambi za wajukuu. Nilipokata simu ndipo nikaigeuza pakiti chini ya taa: maltitoli. Utamu wake hukaribia asilimia 90 ya ule wa sukari, ndiyo maana sikushuku lolote, lakini mwilini sehemu yake huvunjwa ikawa glukosi, na inayosalia ndiyo huchafua tumbo. Pakiti haikusema uongo, kwani kutokuwa na sukari si kutopandisha sukari. Asubuhi nilikwenda kwao kwa miguu nikiwa nimebeba fedha zake, na kilichonitoa jasho njia nzima hakikuwa mkate bali zile tambi, kwa sababu nilimsingizia mgonjwa ulafi mbele ya mwanawe ili nisalimishe jina langu.

4. Alulosi, mbadala mwingine wa sukari, hubadilika rangi upesi kuliko sukari, basi punguzeni moto wa oveni; nayo hunyonya unyevu, na kwa hewa yetu ya pwani biskuti zake hulegea msipozifungia koponi. Zailitoli, nayo ya badala ya sukari, hulingana na sukari kwa utamu, lakini ni sumu kwa mbwa, kwa hiyo makombo yake msimtupie mbwa wa mlinzi.

5. Mkibadilisha kitu chochote katika oda, mwambieni mteja kabla hajalipa. Yule bibi alizipokea fedha, akanikaribisha kahawa, wala hakuzitaja tambi hata mara moja. Bado ni mteja wangu, na kila akija kuchukua mkate wake huomba kwanza aoneshwe pakiti, akavaa miwani, akaanza kusoma upande wa nyuma.