Geneva Haina Kaunta Bandarini

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi ya klaringi, ya kuwatolea wateja mizigo forodhani, nilimwendea afisa wa forodha na karatasi niliyoichapa kutoka intaneti. Ulikuwa mkataba wa WTO, Shirika la Biashara Duniani lenye makao Geneva, kuhusu kuthamini bidhaa, nimeuchora mistari ya njano kila kona. Mzigo wa mteja wangu ulikuwa umepandishwa thamani ya kutozea ushuru, na mimi nilijiona nina dunia nzima nyuma yangu. Afisa alisoma ukurasa wa kwanza, akanirudishia. "Huyu WTO ndiye aliyejaza TANSAD?" Yaani fomu ya tamko la forodha ya Tanzania. Foleni nzima ikacheka.

Mzee wa ofisi yetu hakunipa hata pole. Alivuta droo, akatoa nakala iliyochakaa ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, akafungua kifungu cha 122, kisha Jedwali la Nne kule mwishoni. "Soma." Nikasoma, nikaona aibu upya. Yalikuwa karibu maneno yaleyale niliyoyapaka njano: anza na bei iliyolipwa au itakayolipwa, ikishindikana nenda kwenye thamani ya bidhaa ileile iliyowahi kuingia, halafu inayofanana nayo, na kuendelea mpaka njia ya sita. Huruki ngazi, isipokuwa ya nne na ya tano, ambazo mwagizaji anaweza kuomba zibadilishane nafasi. "Kijana," akaniambia, "Geneva haina kaunta hapa. Ukitaka kuzungumza na afisa, zungumza naye kwa sheria anayoifanyia kazi."

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, mtasikia mengi kuhusu mashirika haya makubwa, mengine ya sifa na mengine ya kulaani. Mimi nawaomba mjue jambo moja tu: kila shirika limeacha alama yake kwenye karatasi iliyo mezani kwako. Mkataba unaandikwa ng'ambo, nchi inasaini, kisha bunge au Jumuiya inautia kwenye sheria. Ukishaingia kwenye sheria ndipo unakuwa na meno, na ndipo unaweza kuutumia.

Chukua namba ya HS, namba ya kuainisha bidhaa, ile unayoiandika kila siku bila kuiwazia. Inatoka Brussels, kwa Shirika la Forodha Duniani, na imetumika tangu Januari 1988. Tarakimu mbili za kwanza ni sura, nne ni kichwa, sita ni kichwa kidogo, na hizo sita ni zilezile Dar, Dubai na Guangzhou. Zinazofuata ni za kwetu Afrika Mashariki. Wageni wengi hukimbilia namba wakaacha maelezo ya sura, na humo ndimo kesi zinamopotelea. Mitumba, kwa mfano, haiingii 6309, kichwa cha nguo zilizovaliwa, kwa sababu tu mteja kasema ni mitumba. Maelezo ya sura ya 63 yanataka nguo zionekane zimevaliwa kwelikweli, tena zije shelabela au kwenye marobota, magunia na vifungashio vya namna hiyo. Shati lenye lebo yake, limekunjwa kwenye boksi la dukani, hilo tafutia pengine.

Mimi nilinaswa na baiskeli. Mteja aliniambia ni spea, nami nikaandika spea, 8714. Siku ya ukaguzi makatoni yakafunguliwa, afisa akapiga magoti na kalamu yake akaanza kuhesabu: fremu 120, rimu 240, pedali jozi 120, viti 120. Akanyanyuka, akajipangusa vumbi. "Hizi ni baiskeli. Zimelala tu." Kanuni ya pili ya kufasiri HS inasema hivyo: kitu kilichofunguliwa, kikija chote pamoja, ni kitu kizima. Namba yake ikawa 8712, ya baiskeli. Mpaka nimalize kurekebisha, storeji na dimareji, ada za mzigo kulala bandarini na kontena kucheleweshwa, zilikuwa zimekula faida yangu yote ya mwezi ule, na kosa lilikuwa langu, sikuwa nimeisoma paking listi kwa utulivu.

Jedwali la HS lenyewe hubadilika. Toleo la 2022 liliwapa hata droni kichwa chao, 8806, na jingine litaanza Januari 2028. Ukinakili namba kutoka faili la zamani, usishangae mfumo ukiikataa.

Roma nayo, yaliko makao ya IPPC, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea, iko chini ya mzigo wako. Ukisafirisha nje, inama uangalie paleti, lile jukwaa linalobeba mzigo: mbao lazima iwe na muhuri wenye suke la ngano, herufi za IPPC, alama ya nchi, na HT ikiwa imepashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo hadi kwenye kiini. Viungo vya chakula unavyosafirisha vinaweza kuwa safi kabisa, vikarudishwa kwa ajili ya paleti ya fundi wa mtaani.

FOB (bei bila nauli na bima) na CIF (bei pamoja na nauli na bima) ni za Paris, kwa Chama cha Biashara cha Kimataifa, na hao si serikali. Masharti yao yanakufunga pale tu mkataba wa mauziano unapoyataja. Ila forodha yetu inatoza kwa msingi wa CIF, kwa hiyo invoisi ya FOB ongezea nauli na bima kabla hujaulizwa.

Na ukipandishiwa thamani, usibishane dirishani kama mimi. Omba sababu kwa maandishi, kisha andika ombi la mapitio kwa Kamishna wa forodha chini ya kifungu cha 229 cha sheria ileile ya Jumuiya. Una siku 30 tangu uamuzi. Ukikataliwa, njia inaendelea kwenye Bodi ya Rufani za Kodi.

Kuna mteja aliwahi kuniuliza kwa nini tusiende WTO. Kule hushitakiana serikali kwa serikali, mfanyabiashara hana kiti. Na hata serikali, zikikata rufaa, jopo la rufaa halina majaji wa kutosha kusikiliza kesi tangu Desemba 2019, kwa sababu Marekani ilizuia uteuzi wa wapya. Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha ndiyo inayompokea raia na kampuni. Kampuni ya sigara, BAT Uganda, iliishitaki Uganda huko kwa kuzitoza sigara zilizotengenezwa Kenya kodi kubwa kuliko za ndani, ikashinda 2019. Mteja wangu macho yakamng'aa. Nikamwambia muda wa kufungua shauri ni miezi miwili tangu uamuzi, au tangu siku ulipoujua. Akafungua bahasha, akanipa barua ya uamuzi aliyopewa. Ilikuwa ya mwaka uliopita.