Re: Siku mbili Mwanza kabla ya Serengeti, nianzie wapi?

Mkuu, umeuliza kama Mwanza kuna cha kuona zaidi ya mawe. Kipo, na mimi ningeanza na Bujora, pale Kisesa. Iko upande wa barabara ya Musoma, hiyo hiyo utakayopita ukielekea lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti. Ni makumbusho ya Wasukuma, na usiyapitie haraka haraka. Kuna jengo lenye umbo la kiti cha enzi cha mtemi, ndani yake ngoma za watemi. Mwombe mwenyeji akueleze habari za Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wacheza ngoma yanayoshindana tangu enzi za mababu. Ukiweza kuja Juni wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, utawaona wakicheza na chatu mabegani. Kwa kweli, hiyo ndiyo ningeipangia safari nzima.

Saanane, kisiwa kilicho ndani ya Ziwa Victoria, ni mwendo mfupi wa boti kutoka mjini; nusu siku inatosha. Jioni kaa ufukweni unapoliona Jiwe la Bismarck, uagize sato wa kuchoma na ugali. Kisiwa cha Ukerewe ni pazuri sana, ila kwa siku mbili utajichosha bure.