Jibu: Ioni za chumvi kwenye seli yuniti

Mdogo wangu wa Temeke, nimekuelewa. Ulitaka kupata densiti ya chumvi (sodiamu kloridi) kutoka seli yuniti, yaani kile kiboksi kidogo kinachojirudia kujenga fuwele yote. Umehesabu kila ioni (chembe yenye chaji) unayoiona kwenye mchoro, ukapata kloridi 14 na sodiamu 13, ndiyo maana densiti imegoma kulingana na ya kitabuni.

Mchoro unaonyesha ioni nzima nzima, lakini seli haizimiliki zote. Ya kwenye kona inagawanywa na seli 8, ya kwenye ukingo seli 4, ya usoni seli 2. Ya katikati tu ndiyo yake peke yake. Chukua ndimu uikate katikati mara tatu, kwa mikato inayopishana kwa pembe mraba, upate vipande 8 sawa, kimoja ukiweke kwenye kona ya boksi: kinakaa sawasawa.

Hesabu upya. Kloridi: kona 8 zinatoa 1, nyuso 6 zinatoa 3, jumla 4. Sodiamu: kingo 12 zinatoa 3, ongeza ya katikati, 4.

Sasa zidisha 4 kwa 58.44 (gramu za moli moja ya chumvi), gawa kwa namba ya Avogadro (6.022 × 10²³, idadi ya chembe katika moli moja), halafu kwa ujazo wa seli, yaani ubavu × ubavu × ubavu. Tafadhali, ubavu wa seli wa pikomita 564 ugeuze kwanza kuwa sentimita 5.64 × 10⁻⁸. Hapo ndipo maksi zinapopotea bure! Utapata kama 2.16 g/cm³.

Hesabu ya metali ni rahisi zaidi: seli ya shaba ina atomi 4, ya chuma 2, kona zinatoa 1 na ya katikati 1. Ila usiifananishe seziamu kloridi na chuma, ingawa nayo ina kona 8 na moja ya katikati. Ioni yake ya katikati ni ya aina nyingine na zile za kona, hivyo ni seziamu 1 kwa kloridi 1.

Swali likitaja nafasi zilizo wazi ndani ya fuwele, mwone mwalimu wako wa kemia, kwani hesabu hii haitatosha.