Kisa cha kukumbukia kanji hakikufundishi kuisoma
Je, kisa kifupi cha kukumbukia kanji (herufi za Kijapani zilizotoka Kichina) kinatosha kukuwezesha kuisoma? Hapana, hakitoshi. Kisa kinakupa maana tu: 晴 ni jua (日) na buluu (青), yaani anga limetakata, basi. Sauti itafute kwenye kipande cha kulia. 青 husomwa sei, na 清, 晴, 精, 請 nazo ni sei kwa usomaji uliotoka Kichina. Ila kipande hicho usikiamini mno: 情 kwenye 感情 (kanjō) ni jō. Na usomaji wa Kijapani chenyewe, kama 晴れる (hareru), haumo kabisa kwenye umbo, kwa hiyo kwenye kadi zako za kujikumbushia andika neno zima, si kanji peke yake. Kisa kisizidi sentensi moja. Kikirefuka utakumbuka hadithi na vipande vya herufi vikutoke.