Monita wangu anapokea karanga

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina mtoto wa darasa la nne hapa Uyole, Mbeya. Muhula huu kachaguliwa monita. Juzi nafua kaptula yake, nikakuta mfukoni karanga zimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Nilipombana akasema wenzake humpa ili asiwaandike kwenye orodha ya wapiga kelele. Na ndiye huyu aliyepata 48 kati ya 50 kwenye somo la Historia ya Tanzania na Maadili! Baba yake anataka niende shule avuliwe umonita. Nifanyeje?
Mama wa Uyole

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umonita asivuliwe, nakuomba.

Somo la maadili nimelifundisha likiitwa Siasa, likaja kuitwa Uraia, nikastaafu likiwa Uraia na Maadili. Zile 48 ni zake kwa haki. Lakini mwalimu akitoka kwenda ofisini, mtoto anabaki na kalamu, karatasi na wenzake wanaomkonyeza. Hapo ndipo anapohitaji mtu wa kumwongoza, na kwa kawaida hayupo.

Nilianza kazi Makete, miaka ya 1980. Darasa langu la tatu lilikuwa na binti ambaye jina lake halikosi kwenye orodha. Kila Ijumaa nilimchapa. Mtoto mpole, mikono imepasuka kwa baridi ya Julai, anainyoosha bila kusema neno. Muhula unakwisha ndipo nikajua: wenzake walimpa monita viazi vya kuchoma, na yeye kwao hakukuwa na cha kutoa. Ile mikono naiona hadi leo. Kosa lilikuwa langu kabla halijawa la monita, maana mimi ndiye niliyempa mtoto wa miaka tisa madaraka ya kuamua nani achapwe.

Nilimwomba yule binti radhi mbele ya darasa zima. Orodha nikaichana. Tangu hapo umonita kwangu ulikuwa wa zamu, wiki moja moja, na kazi yake ikawa kufuta ubao, kuhesabu vitabu na kuangalia nani hajaja shule, tukamuulizie nyumbani. Kanuni za darasa walitunga watoto wenyewe. Kelele hazikwisha, sitakudanganya, ila zilipungua.

Kwa hiyo wewe kaa na mwanao jikoni, baba asiwepo kwanza kama ana hasira. Usimuulize kwa nini alipokea karanga. Utamu wa karanga anaujua. Muulize: siku ile uliyopewa, uliandika nani? Kisha nyamaza. Akilitaja jina, mwambie aende kwa mwenzake huyo, akamwambie ukweli mwenyewe. Wakiwa wawili tu, si paredi.

Halafu kamwone mwalimu wa darasa, bila mtoto. Usiende na lawama. Mweleze tu orodha inavyofanya kazi akiwa hayupo. Walimu wengi hawajui, kama mimi nilivyokuwa sijui.

Na nyumbani mpe kazi ya kugawa. Parachichi zikiletwa kutoka Rungwe, yeye ndiye awakatie wadogo zake, kwa sharti moja: anayegawa huchukua wa mwisho. Wiki ya kwanza atakata vipande vya ajabu. Mwache, usimshikie kisu.